Rodi Nyepesi, Samaki Mzito

Chambo kikipungua, samaki hapungui. Hapo ndipo ilipo shida yote ya mtu anayetafuta rodi ya kumvulia maski kwa chambo kidogo, na hapo ndipo inapoonekana akili ya fundi aliyeiunda rodi hiyo.

Maski, ambaye jina lake kamili ni muskellunge, ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini. Anaishi katika maziwa na mito ya Wisconsin, Minnesota, Michigan, Ontario na majimbo mengine ya jirani. Ni mrefu, mdomo wake bapa umejaa meno, na huwinda kwa kuvizia kando ya magugu kisha kuchomoka ghafla. Mvuvi aliyempata mmoja wa inchi 50, yaani sentimita 127, huwa na hadithi ya miaka mingi. Rekodi inayotambuliwa na IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa burudani, ni ya Cal Johnson, aliyemtoa maski wa kilo 30 na ushei katika ziwa la Lac Courte Oreilles, Wisconsin, Julai 1949. Karibu na hapo, katika mji wa Hayward, kuna jumba la makumbusho lililojengwa kwa umbo la maski, lenye urefu wa zaidi ya mita 40. Wageni hupanda ndani wakasimama kwenye kinywa chake na kupigwa picha kati ya meno. Watu wanaomjengea samaki nyumba ya namna hiyo hawachagui rodi kwa mzaha.

Kwa kawaida samaki huyu hurushiwa vyambo vya kutisha. Kipo kimoja cha mpira laini, Bull Dawg, ambacho toleo lake kubwa lina uzito wa pauni moja hivi, karibu gramu 450. Kukirusha kitu kama hicho kutwa nzima kunataka rodi nene, rili kubwa (kigurudumu cha kukunjia mshipi) na mabega ya mpagazi. Lakini zipo nyakati ambapo maski havitaki vikubwa. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, akiwa ametoka kutaga na maji hayajapata joto, hupendelea windo dogo. Baada ya hewa baridi kuingia na anga kuwa nyeupe kavu, hunyamaza kabisa. Katika maziwa yenye wavuvi wengi, kila maski mzee amekwisha kuviona vyambo vikubwa vikipita, na amejifunza. Na kuna mito kama Flambeau na Chippewa, ambako maji ni machache na kitu kikubwa kikianguka huwa ni kelele tu. Hapo mvuvi hufungua kisanduku kingine: vibati vinavyozunguka vilivyofungwa singa za mkia wa kulungu, visamaki vya plastiki vyenye urefu wa kiganja, vyote vikiwa kati ya gramu 15 na 50.

Sasa chukua rodi iliyozoea gramu 200, ufunge chambo cha gramu 20, urushe. Rodi hairushi kwa nguvu za mkono peke yake. Mkono ukiipeleka nyuma kisha mbele, uzito wa chambo huikunja, na mkunjo ule ni nguvu iliyowekwa akiba. Rodi ikijinyoosha, akiba hiyo hupewa chambo, nacho huruka. Chambo chepesi mno hakina uwezo wa kuikunja rodi ngumu. Mvuvi huongeza misuli, chambo huishia nusu ya njia, rili huzunguka kwa kasi zaidi kuliko mshipi unavyotoka, na robo saa inayofuata ni ya kufumua mafundo.

Jibu la haraka ni kuchukua rodi nyembamba ya kuvulia samaki wa kilo mbili tatu. Inarusha vizuri mno. Kisha anakuja maski wa kilo 15, rodi inapinda hadi kwenye mpini, na mvuvi hana lolote la kufanya ila kungoja samaki achoke. Kungoja huko ndiko kunakoua. Wavuvi wa maski walio wengi siku hizi huwarudisha samaki majini, desturi ambayo chama cha Muskies Inc., kilichoanzishwa Minnesota mwaka 1966, kimeipigania kwa muda mrefu. Maski aliyevutwa muda mrefu, hasa maji yakikaribia nyuzijoto 27, anaweza kuogelea zake mbele ya macho yako akafa baadaye pasipo mtu kumwona. Wavuvi makini hukaa nyumbani joto likifika hapo. Rodi dhaifu, kwa hiyo, ni dhuluma kwa samaki hata kama mwenye nayo anajisifu kwamba amempa nafasi ya kupigana.

Kinachotakiwa ni rodi inayokiinamia chambo cha gramu 20 lakini haimwinamii samaki wa kilo 15. Ukiisikia hivyo utadhani ni kitendawili. Fundi hukijibu kwa mchongoko, yaani namna rodi inavyopungua unene kutoka mpini hadi ncha, na mchongoko huo unastahili kutazamwa kwa utulivu.

Katika mji mdogo wa Park Falls, kaskazini mwa Wisconsin, kampuni ya St. Croix imekuwa ikitengeneza rodi tangu 1948, na njia inayotumika huko ndiyo hiyo, kwa jumla, inayotumika kwingine kote. Huanza na kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa utomvu wa epoksi. Hukatwa kipande kirefu, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, kikabandikwa kwenye ufito wa chuma uliochongoka na kuviringishwa chini ya mkandamizo mkubwa. Juu yake huzungushwa utepe mwembamba uliokazwa sawasawa, kisha vyote huingia tanuri. Utomvu ukishakuwa mgumu, chuma huchomolewa, utepe hubanduliwa, na mkononi hubaki mrija mwepesi mno kuliko unavyotarajia.

Rodi yote imo katika ule mkato wa kitambaa. Kikizidishwa upana kidogo upande wa mpini, mrija hupata tabaka moja zaidi na uti wake huwa wa kazi nzito. Kikipunguzwa kidogo kuelekea ncha, sentimita 40 za mwisho huwa nyororo kiasi cha kuhisi kibati kikizunguka majini. Tofauti hiyo jicho haliioni, mkono ndio unaoijua. Kuna pia uchaguzi wa kaboni yenyewe. Ile ngumu sana huwa nyepesi na yenye hisia kali, lakini haipendi kugongwa, na boti ya maski ni mahali pa kugongana. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huchanganya, kaboni ngumu huku, ya wastani kule, au nyuzi za kioo kidogo. Mimi huwaamini zaidi wanaochanganya kuliko wanaotangaza ugumu wa kaboni yao kwa herufi kubwa.

Kwenye ubavu wa rodi huandikwa mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. La kwanza ni nguvu: uzito gani unahitajika kuikunja. La pili ni mahali pa mkunjo: je, inakunjika karibu na ncha tu, au mkunjo unashuka hadi katikati? Rodi mbili zenye nguvu ileile zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Kwa vyambo vidogo vya maski, maandishi ya kutafuta ni yale yanayotaja aunsi 1/2 hadi 2, au 1 hadi 3, yaani gramu 14 hadi 57, au 28 hadi 85. Namba hizo si sheria. Kila kampuni ina mizani yake, na ukarimu wao huwa kwenye namba ya juu. Isome ile ya katikati, ndipo rodi inapofanya kazi kwa raha.

Mahali pa mkunjo hutegemea chambo. Visamaki vya plastiki vinavyochezeshwa kwa kushtua kifundo cha mkono vinataka rodi inayokunjika karibu na ncha, ili kila mshtuo ufike. Vibati vinavyozunguka, ambavyo huvutwa moja kwa moja, vinapendelea mkunjo unaoshuka zaidi, kwa sababu samaki hugeuka na kibati mdomoni na rodi humfuata kidogo kabla ya kumkaza. Wapo wanaobeba mbili. Ningelazimishwa kubeba moja, ningechukua ya futi 8, yenye nguvu ya juu kidogo ya wastani, mkunjo wake ukiwa umekwisha kabla ya kufika katikati.

Jambo la mshipi halisemwi vya kutosha. Zamani mshipi wa nailoni ulivutika, na kuvutika kwake kulisamehe makosa mengi. Leo karibu kila mtu anatumia mshipi wa kusuka, wa pauni 50 kwa vyambo vidogo, 80 kwa vikubwa, nao karibu hauvutiki kabisa. Kwa hiyo kitu pekee chenye kulegea kati ya mkono na samaki, ukiacha breki ya rili, ni rodi. Mvuvi wa mshipi wa mkono kule Pemba analijua hili kwa kidole chake, maana kidole ndicho kinachokaza na kulegeza; hapa kazi ya kidole imepewa rodi. Ndoana za chambo kidogo ni nyembamba. Wema wake ni kwamba huingia kwa nguvu kidogo, hata katika kinywa kigumu kama cha maski. Ubaya wake ni kwamba huweza kunyooka au kuchana tundu likapanuka samaki anapotikisa kichwa kando ya boti, mshipi uliobaki ukiwa mita mbili tu. Ncha ikiwa ngumu, samaki amekwenda.

Rodi za katikati ya karne iliyopita zilikuwa kinyume cha haya yote: fupi, nene, ngumu. Zilikuwa na sababu yake. Vyambo vilikuwa vipande vya mti, maski aliving'ata akavibana, na ndoana haikuweza kusogea mpaka mti utelezeshwe kati ya meno yake. Wenye kuzicheka leo wangezihitaji kama wangekuwa wanarusha vyambo vile kwa mishipi ile.

Urefu nao una siri yake, na siri hiyo iko kando ya boti. Maski ana tabia ya kukifuata chambo polepole hadi miguuni pa mvuvi bila kukigusa. Mvuvi hazungushi rili tena. Huzamisha ncha ya rodi majini na kuchora namba nane kubwa, chambo kikizunguka nyuma yake. Kona ikiwa kali, samaki wa mita moja na zaidi hawezi kuigeuka. Rodi ndefu huchora kona pana. Hapo futi 8 zinalipa gharama yake. Kwenye mto wenye matawi yaliyoinama, au katika kayaki, futi 7 na nusu zinatosha, na nisingebishana na mtu wa futi 7.

Halafu kuna kazi ndogondogo ambazo mnunuzi hupitisha jicho tu. Pete za kupitishia mshipi karibu na ncha lazima ziwe ndogo na nyepesi, maana kila gramu inayoongezwa huko huichelewesha rodi kujinyoosha, na chambo chepesi hakina subira na rodi iliyochelewa. Kila pete hufungwa kwa uzi uliozungushwa mduara kwa mduara pasipo nafasi wala kupandana, kisha hupakwa epoksi huku rodi ikizungushwa na mota ya polepole kwa saa kadhaa, la sivyo epoksi ingeshuka upande mmoja na kuganda kama tone. Wapo wanaofanya kazi hii nyumbani majira ya baridi, maziwa yakiwa yamefunikwa na barafu, wakifumua uzi mzima kwa sababu ya mduara mmoja uliopinda. Na kabla ya kufunga pete ya kwanza hukandamiza mrija sakafuni na kuuviringisha kwa vidole, mpaka uruke wenyewe na kutulia: mirija mingi ina upande ulio mgumu kuliko pande nyingine, na wao hutaka kuujua upande huo kabla ya kuamua pete zikae wapi.

Mpini uwe mfupi kidogo kuliko ule wa rodi nzito. Mpini mrefu husaidia kurusha kwa mikono miwili na kubana kwapani, lakini ukichezesha chambo kidogo, ncha ikiwa imeelekea chini, hukwama kwenye mkono kila mara. Kipande cha waya au cha florokaboni kinachokinga mshipi na meno nacho kipunguzwe unene, maana kile cha kazi kubwa hukivuta chambo chepesi kichwa chini.

Dukani, nenda na rili yako na chambo unachokusudia kukirusha, ndoana zikiwa zimetolewa. Ifunge rili, upitishe mshipi kwenye pete zote, uache chambo kining'inie sentimita 30, uitikise rodi taratibu kwa kifundo cha mkono. Ncha inapaswa kukikubali na kukirudisha, bila kutetemeka mara mbili. Kisha mwombe mtu aushike mshipi, nawe uikaze rodi mpaka mkunjo ugome kushuka. Hapo ulipogoma ndipo uti ulipoanza, na pawe juu ya mkono wako wa mbele, si chini yake. Muuzaji anayeijua kazi yake atakushikia mshipi huo mwenyewe, na pengine atakuletea rodi nyingine ya bei ndogo, ya kuvulia samaki aitwaye besi kwa vyambo vizito, inayofanya kazi ileile. Akikataza rili yako isifungwe, rudisha rodi mahali pake, uende duka jingine.