Kasia Alfajiri, Korongo Adhuhuri

Wageni wengi wanaofika mji wa Page, kaskazini mwa Arizona, Marekani, hulipia vitu viwili wakidhani havihusiani: kuendesha kayaki katika Ziwa Powell na kutembea kwa miguu ndani ya Antelope Canyon. Kumbe ni korongo moja. Kijito ambacho siku nyingi za mwaka ni mchanga mkavu hupita Korongo la Juu, hushuka hadi Korongo la Chini, kisha huishia ziwani. Mwenye kayaki analiingia kwa mdomoni, mwenye miguu analiingia kwa juu. Ratiba nzima ya siku inategemea kulielewa hilo, na mimi naona kayaki ndiyo itangulie.

Ziwa Powell ni la kutengenezwa. Mto Colorado ulizibwa kwa Bwawa la Glen Canyon, lenye kimo cha mita 216. Maji yalianza kukusanywa Machi 1963, na ziwa likajaa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Kilichozama ni makorongo, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukingo ni ukuta wa mwamba unaotumbukia majini moja kwa moja. Hapo ndipo ugumu wa mpiga kasia unapoanzia. Wimbi la motaboti likifika kwenye ufuo wa mchanga huvunjika na kwisha. Likigonga ukuta uliosimama wima, hurudi. Linakutana na linalokuja nyuma yake, na maji yanachemka kila upande hata kama mashua iliyoyachafua imeshapotea machoni.

Dawa yake ni saa. Kayaki ikishushwa majini kwenye saa 12 asubuhi, motaboti nyingi bado zimefungwa na upepo wa mchana haujaamka. Kipande cha maji wazi kabla ya mdomo wa korongo ni kifupi, lakini ndicho kinachowachosha wanaochelewa. Wimbi likija, elekeza omo kwake, usilipe ubavu, na endelea kupiga makasia mafupi mafupi. Wanaoanza huacha kupiga wakiogopa, ilhali kasia lililo ndani ya maji ndilo linalosaidia kuituliza kayaki. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabisa. Likiwekwa miguuni halina kazi.

Ukishaingia ndani, kelele zinakatika. Kuta zinasogeleana na maji yanatulia. Juu ya kichwa utaona mkanda mweupe wa chokaa kwenye mwamba mwekundu: ni alama ya mahali maji yalipokuwa. Mwaka 2023 ziwa lilishuka hadi takriban mita 55 chini ya kiwango cha kujaa. Kwa mpiga kasia maana yake ni hii: mahali maji yanapoishia si pale pale mwaka hadi mwaka, na maelezo ya aliyekwenda zamani yanaweza kukuacha kwenye tope. Uliza kiwango cha wiki hiyo.

Kuna mtego mwingine mdogo. Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, lakini ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa eneo hilo, hubadilisha, na korongo liko kwenye ardhi yao. Ziara za Antelope hufuata saa ya Arizona. Simu yako inaweza kusema vingine.

Adhuhuri ni ya Korongo la Juu. Hilo ni pana chini na jembamba juu, hivyo jua huingia tu likiwa karibu na utosi. Kati ya Machi na Oktoba, karibu na saa 6 mchana, miali hushuka hadi sakafuni kama nguzo. Rangi zenyewe hazitokani na mwali bali na mwanga unaodunda kutoka ukuta hadi ukuta, kila mara ukichukua wekundu zaidi wa kutu iliyo katika jiwe la mchanga. Korongo la Chini limepanuka juu, kwa hiyo halikulazimishi kusubiri saa hiyo.

Lakini kilichochonga uzuri huo ni mafuriko, na kazi hiyo haijaisha. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Korongo la Chini. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita nyingi kutoka walipokuwa, upande wa juu wa kijito. Wasomaji wa Kenya wanaijua hali hii: Septemba 2019 watu 7 walisombwa katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Baada ya maafa ya 1997, Antelope iliwekewa ngazi za chuma zilizoshikizwa kwenye mwamba, nyavu za kupandia na king'ora, na hakuna mgeni anayeingia Korongo la Juu au la Chini bila mwongozaji aliyepewa kibali na Wanavajo. Kwa maoni yangu, hatua hizo za usalama ndizo ufundi mkubwa kuliko wote katika siku hii.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kati ya Julai na Septemba, tazama utabiri wa nyanda zilizo juu ya korongo, usitazame mbingu ya kichwani pako. Na mwongozaji akikuambia ziara imefutwa huku jua linawaka, usibishane naye.