Funga na Fungua Katika Lugha ya Gereji

Mafundi wa magari hulaumiwa mara nyingi kwa kuingiza katika Kiswahili maneno ya kigeni kama gia, kemshafti na valvu. Lawama hiyo haina uzito, kwa kuwa vitu hivyo vilikuja na majina yao. Kasoro yenyewe imo katika maneno mawili yaliyo ya Kiswahili hasa: funga na fungua.

Mfano mzuri ni kazi ya kubadili gia ya kemshafti katika injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika Vitz na Probox nyingi za Afrika Mashariki. Gia hiyo si gurudumu la meno tupu. Ndani yake mna kipande chenye mabawa, kilichoshikamana na kemshafti, nacho husukumwa na oili ili valvu za kuingizia hewa zifunguke mapema au zichelewe. Injini inapozimwa, pini ndogo hukishika kisicheze.

Fundi huambiwa, "Fungua gia." Je, aitoe katika shafti, au aifumue? Bolti ya katikati ndiyo ya kufunguliwa. Zile ndogo zinazoizunguka hazifai kuguswa, kwani ndizo ziishikazo gia yenyewe isiachane. Tena, ikiwa gia ni ile ile inayorudishwa, sharti pini iachishwe kwanza. Bolti ikishakazwa, gia hugeuzwa upande wa kuchelewa mpaka pini iishike. Kwa lugha ya gereji maelezo haya huwa: fungua kabla ya kufunga, na ukiisha kufunga hakikisha imefunga. Mwanagenzi aliyesimama kando ya fundi wake huelewa kwa kuitazama mikono. Asomaye peke yake huharibu kifaa cha thamani, na hasara humwangukia yeye.

Dawa yake si kubuni istilahi. Lugha ina jozi zake tayari, tena zilizoundwa kwa kanuni ile ile ya funga na fungua: pachika na pachua, komea na komoa, na pamoja nazo kaza na legeza. Bolti hulegezwa, gia hupachuliwa. Irudipo hukomolewa, hupachikwa, bolti hukazwa, mwisho gia hukomewa. Ajuaye komeo la mlango ameshaelewa kazi ya pini.

Watungao vitabu vya ufundi hutaabika kutafuta majina ya vyuma. Wangefaa kuanza na vitenzi. Jina humwonyesha fundi kitu, bali kitenzi ndicho kiuongozacho mkono wake.