Ufundi wa Kuifanya Picha Ipokelewe

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kwa kawaida mwezi Julai, steshenari huwa hazina pa kukaa. Anayetoka Lufingo kwenda Tukuyu mjini siku hizo amekumbatia bahasha ya plastiki asije akaloweshewa na mvua, ambayo wilayani Rungwe haihitaji kualikwa. Ndani mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na picha ndogo zilizopigwa mbele ya shuka la buluu. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa njia ya mtandao, fomu ya mkopo inajazwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na huko kote linalopakiwa ni faili, si karatasi. Mzazi aliyeuza ndizi au parachichi apate nauli na ada ya maombi huambiwa pale mezani kwamba cheti alichokitunza sandukuni miaka yote hiyo hakijatosha. Lazima kiwe picha, na picha yenyewe iwe ya aina inayokubaliwa.

Mtu ninayetaka kumsifu ndiye anayekaa upande wa pili wa meza hiyo. Tangazo lake ukutani linasema anachapa, anatoa kopi, anaskani, analamineti, anasajili laini. Kugeuza picha kutoka fomati moja kwenda nyingine hakujaandikwa popote, ingawa ndiko kunakomla muda, na mara nyingi hata halipwi. Humezwa na bei ya kuskani.

Chukua mfano wa mama aliyekuja na binti yake kwa kijana mmoja wa Tukuyu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaka yake yuko Dar, ndiye aliyempiga picha. Sasa mfumo hauitaki."

"Alikutumia kama picha au kama dokumenti?"

Mama anamgeukia binti. Binti anasema, kama dokumenti. Kijana anashusha pumzi, kwa sababu swali lile ni nusu ya kazi. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa njiani ili isile bando, na kilichopunguzwa hakirudi. Ikitumwa kama dokumenti hufika ilivyotoka. Fundi asiyeuliza swali hili atahangaika saa nzima kuing'arisha picha ambayo iliharibika kabla haijamfikia.

Anaunganisha simu kwa waya, anahamisha faili, anabofya mara mbili. Kompyuta haifungui. Jina la faili linaishia na HEIC, na hapo anajua kaka wa Dar ana iPhone. Apple ilianza kutumia fomati hiyo mwaka 2017, ilipotoa iOS 11, na sababu yake ilikuwa nzuri. Picha ya simu hiyo ina upana wa pikseli 3024 na urefu wa 4032, yaani zaidi ya pikseli milioni 12. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti 3, picha moja ingekula MB 36. JPEG huishusha hadi MB chache, na HEIC hushusha tena hiyo ya JPEG ikabaki karibu nusu. Tatizo ni kwamba ubanaji wake una hataza za kampuni nyingi, kwa hiyo programu nyingi haziifungui mpaka ziongezewe kitu, na kompyuta ya steshenari iliyonunuliwa mtumba haijaongezewa chochote tangu ilipofika.

Kijana ameweka IrfanView, programu ndogo ya bure iliyoandikwa na Irfan Skiljan, kijana wa Bosnia aliyekuwa akisoma Vienna, na kutolewa mwaka 1996. Huendeshwa na mashine iliyochoka, na haihitaji intaneti. Akishaiongezea kiungo chake cha HEIC, picha inafunguka, lakini imelala ubavu, kwa sababu simu haikuigeuza. Iliandika tu pembeni kwamba ilishikwa hivi. Anaisimamisha. Anakata mpaka kichwa na mabega vibaki na nafasi kidogo juu ya nywele. Anashusha upana mpaka pikseli 600. Anahifadhi kama JPEG kwa ubora wa 85 kati ya 100, kisha, na hili ndilo linalomtenga fundi na mbofyaji, anaikuza na kutazama macho ya binti. Kwenye kope kuna ukungu. Anarudi nyuma, anahifadhi upya kutoka faili la asili kwa ubora wa 92. Sasa kope zinahesabika. Analipa faili jina fupi lisilo na nafasi wala alama, kwa sababu mifumo mingine hukwama hata kwenye jina. Mfumo unapokea. Mama anasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na foleni inasogea.

Wengi wakikwama hubadilisha tu herufi za mwisho za jina la faili, PNG ikaandikwa JPG, wakadhani wamegeuza. Mara moja moja hufanikiwa, maana programu kadhaa huangalia yaliyomo na kulipuuza jina. Lakini faili hujitambulisha kwenye baiti zake za kwanza. Fungua PNG yoyote kwa Notepad: utaona vurugu za alama, ila mwanzoni kabisa herufi P, N na G zimesimama wazi. GIF huanza na GIF87a au GIF89a. JPEG huanza na baiti ambazo kwa hesabu ya kompyuta huandikwa FF D8 FF. Mfumo uliotengenezwa kwa uangalifu husoma hapo kwanza, ukimkuta mtu amevaa jina la mwenzake unamrudisha. Kugeuza kwa kweli ni kuifungua picha yote mpaka ibaki pikseli tupu, halafu kuiandika upya kwa kanuni nyingine.

Na kila kanuni ina inachokipenda. JPEG, kiwango kilichotoka mwaka 1992, huikata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha kila mraba huuchambua: rangi inabadilika polepole kiasi gani, na kwa ghafla kiasi gani. Mabadiliko madogo ya ghafla, ambayo jicho haliyajali sana, huyatupa. Hesabu inayofanya uchambuzi huo aliibuni Nasir Ahmed, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti huo kwa shirika la taifa la sayansi la Marekani akanyimwa. Aliendelea bila fedha hizo, na mwaka 1974 yeye na wenzake wawili wakachapisha makala yao. Leo ni vigumu kupata simu ya kamera isiyoitumia hesabu ile.

Piga picha ya shamba la chai, uibane kwa JPEG hata kwa ukali. Majani yatabaki majani na kilima kitabaki kilima. Ukibana cheti kwa ukali ule ule, ukingo mweusi wa kila herufi unazungukwa na vumbi la kijivu, na namba ya cheti inaanza kutia shaka: hii ni 3 au 8? Herufi ni mabadiliko ya ghafla matupu, yaani kile kile JPEG inachokitupa. Ndiyo maana fundi mzuri akiambiwa aingize cheti kwenye PDF haanzi na JPEG iliyochoka. Anaskani upya, au anahifadhi kwanza kwa PNG, isiyotupa kitu. Anajua pia kwamba JPEG ikifunguliwa, ikabadilishwa na kuhifadhiwa tena na tena, kila safari hupoteza kidogo, na kuihamisha kwenye PNG baadaye hakurudishi kilichokwisha potea. Kunaongeza ukubwa tu.

Sahihi nayo ina mtego wake. Mtu amesaini kwenye karatasi, mtoto wake akaiondoa mandhari kwa simu ili ibaki wino peke yake, PNG safi. Mfumo wa maombi unataka JPEG. Anageuza haraka haraka, na mahali pa sahihi panatokea mraba mweusi tii. JPEG haijui kitu kinachoitwa uwazi. Isipoambiwa ipaweke rangi gani, baadhi ya programu hupaweka nyeusi, na wino mweusi ukazama humo. Fundi hutandika kwanza nyeupe chini ya sahihi, ndipo ageuze. Ni sekunde chache, lakini asiyezijua anaweza kusafiri kwenda na kurudi Lufingo kwa ajili ya sahihi hiyo.

Kuna tovuti zinazogeuza picha bure, unapakia huku unapakua kule. Sizipendi kwa kazi hii. Zinakula bando, na mbaya zaidi, kitambulisho cha mtu kinaachwa kwenye kompyuta ya mtu asiyejulikana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye steshenari anayeshika vyeti vya watu kutwa nzima anapaswa kuijua. Ageuze kwenye mashine yake, amalizapo afute mbele ya mwenyewe. Akumbuke na yale yanayoandikwa pembeni mwa picha: simu nyingine huandika hata mahali ilipopigwa, kwa digrii na dakika, kiasi cha mtu kufika mlangoni kwako. Kugeuza vizuri ni pamoja na kuyaondoa hayo.

Kwa nini basi fomati ni nyingi hivi? Nyingine zilizaliwa kwa haja, nyingine kwa ugomvi wa fedha. GIF ilitolewa na CompuServe mwaka 1987 na haiwezi kubeba zaidi ya rangi 256 katika picha moja. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba njia yake ya kubana ina hataza ya kampuni ya Unisys, na wanaotengeneza programu za GIF walipe. Watu wakakasirika, wakakaa kwenye majadiliano ya mtandaoni wakabuni PNG, iliyopata baraka za shirika la viwango vya wavuti mwaka 1996. Hasira mara chache huzaa kitu nadhifu vile.

Katika mafundi wote wa kazi hii ninayemheshimu zaidi ni Jef Poskanzer, aliyetoa mkusanyo wake wa programu za kugeuza picha mwaka 1988. Aliona kwamba fomati 10 zikitaka kugeuzana moja kwa moja zinahitaji programu 90. Akabuni fomati ya kati, nyepesi kueleweka, nzito kubeba, ambayo karibu hakuna anayeitumia kutunzia picha zake. Kila fomati ikajifunza mambo mawili tu, kuingia katika ile ya kati na kutoka. Zile 90 zikawa 20. Wakazi wa nyanda hizi waliijua njia hiyo zamani. Mnyakyusa wa Lufingo, Msafwa, Mndali na Mkinga wakikutana sokoni hawajifunzi kila mmoja lugha tatu za wenzake. Wanapitia Kiswahili, wanauziana viazi na maharage, na kila mmoja anarudi nyumbani na lugha yake.

Kazi hii haiishii kwenye fomu za mikopo. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walianzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891, na picha za miaka yao ya mwanzo zilitunzwa kwenye nyaraka za kanisa hilo huko Herrnhut, Ujerumani. Wapiga picha wa enzi hizo walitumia mabamba ya kioo. Leo picha kutoka nyaraka hizo zimo katika mkusanyo wa picha za misheni uliowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California. Desturi ya nyaraka kama hizo ni kuskani kwanza katika TIFF, fomati ya mwaka 1986 isiyolazimika kutupa chochote, nzito kama jiwe, ikafungiwa ndani. Kutoka humo hutolewa JPEG ndogo ya kutembea. Mjukuu aliyekaa Lufingo na simu yenye mtandao wa kubahatisha hawezi kupakua TIFF. Anaiona Rungwe ya mababu zake kwa sababu kuna mtu asiyemjua aliyekaa akapima: nipunguze kiasi gani ifike, na nisipunguze zaidi ya hapo.

Huo ndio ufundi wenyewe, kuchagua kinachopotea. Kijana wa Tukuyu anaufanya kwa kope za binti, wa nyaraka anaufanya kwa uso wa mtu aliyekufa kabla ya baba zetu kuzaliwa, na mizani yao ni moja. Kuna mifumo, siitaji, inayokwambia tu "faili si sahihi" bila kusema ilitaka nini, na mzigo wote wa kukisia unamwangukia huyu kijana, na foleni nyuma yake inamlaumu yeye.

Ukifika kwake, basi, mlipe na ya kugeuza, si ya kuskani peke yake. Na usiondoke na ile ndogo iliyokubaliwa tu. Mwombe akuwekee kwenye flashi au akutumie na ya asili, nzima kama ilivyotoka kwenye kamera au skena. Mwakani mfumo mwingine utataka vipimo vingine, na vitapatikana kutoka hiyo ya asili tu.