Mjukuu Anapoandika Habari za Babu Zake: Funzo la Tarihi za Pwani kwa Mwalimu wa Macalder

Utangulizi

Mwanafunzi anapotumwa nyanjani kukusanya fasihi simulizi, mara nyingi hurudi na habari za babu zake. Hapa Macalder, katika Kaunti ya Migori, hurudi na visakale vya ukoo: nani alifika kwanza, alitoka wapi, alimshinda nani. Je, sisi walimu huzisahihisha vipi kazi hizi? Wapo wanaozipa alama zote kwa kuwa ni "urithi wetu". Wapo wanaozitupa kwa kuwa mwandishi anaisifu damu yake. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimekosea. Upendeleo wa mjukuu ni sehemu ya kazi yenyewe, na unafaa kuhakikiwa jinsi tunavyomhakiki msimulizi wa riwaya.

Tarihi za pwani

Utanzu huu una mizizi mirefu katika miji ya Waswahili. Habari za Pate, zilizochapishwa mapema katika karne ya 20, zilitokana na masimulizi ya Bwana Kitini, mzawa wa Wanabahani waliotawala mji huo. Khabari za Lamu za Shaibu Faraji zilichapishwa mwaka wa 1938. Naye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake mwenyewe, Wamazrui, waliotawala Mombasa hadi 1837. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Hebu tuziweke kazi hizi tatu pamoja. Mapema katika karne ya 19, watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui katika vita vya Shela. Tukio ni moja, lakini mjukuu wa Lamu analirithi kama fahari, na wajukuu wa Pate na Mombasa wanalirithi kama jeraha. Basi mhakiki asikomee kuuliza ni nani anayesema kweli. Aulize pia: masimulizi yanaanzia wapi? Nani anatajwa kwa jina, na nani anaitwa "watu" tu? Ushindi umepewa nafasi gani, na kushindwa kumepewa nafasi gani?

Kwa upande wa fani, uti wa mgongo wa tarihi ni nasaba: fulani alitawala, akafuatwa na fulani. Muundo huu hurahisisha kukumbuka, lakini una gharama yake. Watumwa na mafundi hupita bila majina, na wanawake huonekana kwa nadra. Hata hivyo, Habari za Pate zinamhifadhi Mwana Darini, mama aliyeagiza siwa mpya itengenezwe kwa ajili ya sherehe ya kutahiriwa kwa mwanawe. Katika kisa hicho kimoja tunaona heshima ya mji, uchungu wa mama na ustadi wa fundi. Nasaba inapopasuka, fasihi huingia.

Macalder na nasaba

Eneo letu nalo si geni kwa maandishi ya aina hii. Mwaka wa 1938, mwaka uleule wa Khabari za Lamu, Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha kwa Kijaluo kitabu chake kuhusu mila na desturi za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi. Tatizo ni kwamba Macalder haikuzaliwa na ukoo mmoja. Ilikua kando ya mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka wa 1966, na hadi leo wapo wanaochimba dhahabu kwa mikono. Hata Thimlich Ohinga, boma la mawe katika kaunti yetu lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, lilikaliwa na jamii mbalimbali kwa zamu. Kuta zile haziwezi kubebwa na nasaba moja.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea sentensi mbili tu: babu yake alikuja kuchimba, na hakuwaeleza zaidi. Nilimpa alama chache kuliko wenzake waliojaza kurasa kwa majina ya mababu mashujaa. Leo nakiri kwamba nilikosea. Kimya cha mzee yule kilikuwa ndicho kisa chenyewe. Nilipaswa kumrudisha nyanjani aulize: alilala wapi, alikula na nani, alilipwa nini, mgodi ulipofungwa kwa nini hakurudi kwao?

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, napendekeza tufanye mambo mawili. Kwanza, tusome dondoo za tarihi za pwani pamoja na wanafunzi, tukiwaonyesha jinsi mapenzi ya ukoo yanavyochagua cha kusema na cha kuficha. Pili, wanafunzi wetu waandike, na kila mmoja aeleze waziwazi yeye ni nani kwa wale anaowasimulia. Asiye na shujaa aandike kuhusu mchimbaji, mvuvi au nyanya aliyeuza omena. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini tusiwafunze watoto kwamba asili ni ya waliotangulia kufika peke yao.