Adhana ya Mkononi na Jua la Mpanda

Siku hizi ukiingia madukani Kariakoo au Mombasa utaonyeshwa saa za mkononi ambazo kazi yake si kueleza saa tu. Zahesabu hatua za mwenye kuzivaa, zapima mapigo ya moyo wake, zamletea ujumbe wa simu yake, na zile zilizokusudiwa Waislamu zaadhini nyakati zote tano na kuonyesha kibla. Watu huziita saa janja. Wazazi wengi wa pwani wamezifanya zawadi ya kumpa kijana anayekwenda bara kutafuta riziki, na nia hiyo ni njema. Basi natutazame chombo chenyewe, je, chatimiza kinachodai?

Tukipeleke Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Wako huko watu wetu, katika biashara ya mchele, katika ualimu, na katika machimbo ya dhahabu. Mpanda iko kiasi cha nyuzi 31 mashariki, na Dar es Salaam iko nyuzi 39. Kila uzi mmoja ukielekea magharibi jua hukawia dakika 4. Kwa hiyo baina ya miji hii miwili pana tofauti ya nusu saa na zaidi kidogo. Siku ambayo jua la Dar es Salaam latua saa 12 na nusu jioni, mtu wa Mpanda bado aliona juu ya miti, na kwake halitatua mpaka saa 1 imepita. Saa ya serikali ni moja nchi nzima, nayo imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45, unaopita karibu na Baghdad wala haugusi ardhi yetu popote. Jua halina habari na mpango huo.

Saa nyingi za adhana za bei nafuu zimetiwa orodha ya miji, na mji mdogo wa bara mara nyingi haumo. Kijana huchagua Dar es Salaam, akaona ni Tanzania ile ile. Zile za bei kubwa huuliza satelaiti au simu mahali zilipo, lakini mwenye saa asipoziruhusu kuuliza, hubaki na mji wa mwanzo. Basi yuko Mpanda, Ramadhani, na mkono wake unaadhini kwa jua la Dar es Salaam. Anakunywa maji mchana.

Nasema mchana, msomaji, wala sikuteleza. Qur'ani imeweka mwisho wa saumu kuwa ni usiku kuingia. Bukhari amepokea kwa Bi Asmaa binti Abubakar kwamba zama za Mtume (S.A.W.) watu walifuturu siku ya mawingu kisha jua likatokeza. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyekula akidhani jua limetua, kisha ikabainika halijatua, yampasa alipe siku ile. Na swala ni nzito zaidi, maana si ya mwezi mmoja: mwenye saa hiyo ataiswali alfajiri kabla ya alfajiri, na magharibi kabla ya magharibi, na swala iliyotangulia wakati wake haisihi. Mwaka mzima aweza kudhani ni mtu wa kuswali mwanzo wa wakati!

Hata mji ukiwa sahihi, yako mambo ndani ambayo muuzaji hayaelezi. Alasiri ya Shafi huingia kivuli kikilingana na kitu chenyewe baada ya kile kivuli cha adhuhuri. Ya Hanafi hungoja kiwe mara mbili. Alfajiri wengine huihesabu jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, na hesabu ya Misri ni 19 na nusu. Hesabu ya Ummul-Qura ya Makka huiweka isha dakika 90 baada ya magharibi, na katika Ramadhani dakika 120. Fundi wa kiwanda amekuchagulia mojawapo, nawe hukuulizwa.

Lakini kubwa kwangu ni lile linalotokea nyumbani. Zamani muadhini alikuwa mmoja, na akikosea hukosea mbele ya watu, akaambiwa. Sasa kila kifundo cha mkono kina muadhini wake. Baba ana futari mkononi, mwana amekwisha kula, mama angali akisikiliza msikiti. Na msikitini saa inatetemeka katika sijda kuleta ujumbe wa mtu aliyeko Tanga. Yuko kiziwi ambaye mtetemo huo ndio unaomwamsha alfajiri, na kwake ni neema; wengine twaweza kuuzima.

Ama ile pete ya kuhesabu tasbihi, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wanawake wahesabu kwa vidole, kwani vidole vitaulizwa na vitasemeshwa. Pete huhifadhi hesabu, na hesabu iliyohifadhiwa huonyeshwa watu.

Ukimtumia mwanao saa hiyo, mwambie akifika aandike Mpanda, au atie nyuzi za mahali alipo, achague Shafi, kisha jioni ya kwanza asimame nje alitazame jua lenyewe likitua, alinganishe. Na siku akipanda treni kurudi pwani abadilishe tena, la sivyo atakula daku nusu saa baada ya alfajiri ya Dar es Salaam.