Sindano na Kitovu: Kupima Shairi Lililoazima Kisa cha Kale

Yeyote atakaye kulihukumu kwa haki shairi la kisasa lililoazima kisa cha kale ili lisute mambo ya zama zetu, asianze kwa kumtazama shujaa, maana shujaa humpendeza kila mtu, na kila mtungaji aweza kumwazima bila gharama. Na aanze kwa kuitafuta sindano, yaani ile nukta moja ndogo ya kisa ambapo nguvu za shujaa hukoma na ubaya wa watu wake mwenyewe huanza. Nasema sindano kwa ajili ya Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, ambaye hakuuawa kwa mshale wala kwa pingu wala kwa mkono wa mfalme wa Pate, bali aliuawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Shairi lisemalo habari za kimo cha Liyongo ni shairi la kusifu, nalo lina mahali pake katika harusi na sikukuu; shairi lisemalo habari za ile sindano, na mkono ulioishika, na ahadi iliyoununua mkono huo, ndilo shairi la kusuta.

Makadara, jijini Nairobi, ni mahali pema pa kujifunzia kazi hii ya kupima. Mitaa yake, Kaloleni na Makongeni, Mbotela na Maringo, Jericho na Jerusalem, ilijazwa na watu walioitwa na reli na viwanda kutoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuja na visa vya kwao, hata hadithi ya Luanda Magere ikakaa dirisha kwa dirisha na ya Gikuyu na Mumbi, na ya Liyongo ikaingia kwa mlango wa shule. Vijana wa hapa wakighani mashairi yao ukumbini, hadhira yao ni ngumu kuliko ya mahali pengi, kwa kuwa kisa wanakijua kabla mtungaji hajafungua kinywa. Jambo hili ndilo linalomtia mtungaji wa visa vya kale katika mtihani wa pekee: mwisho unajulikana, basi hawezi kutushika kwa shauku ya kujua litakalotokea, atatushika kwa lile alilolibadili tu, na kwa lile alilokataa kulibadili.

Kasoro iliyoenea kuliko zote ni mlinganyo. Mtungaji husema kwamba mfalme wa Pate ni mheshimiwa fulani, na zimwi ni benki, na fisi ni mnyakuzi wa viwanja, kisha hushuka jukwaani akipigiwa makofi. Msikilizaji aliyekwisha kuufumbua mlinganyo huo, na hufumbuliwa kwa pumzi moja, hana tena haja na shairi, na wala hatoki na neno asilokuwa nalo alipoingia, kwa maana kwamba mheshimiwa ni mbaya alikwisha kuambiwa na makanga wa matatu asubuhi ile ile, tena kwa maneno machache zaidi. Mfano wake husikika mara kwa mara katika kisa cha nyoka wa chuma. Mugo wa Kibiro, mwaguzi wa Wakikuyu, husimuliwa kuwa alimwona nyoka huyo akitema moshi kabla ya Wazungu kuja. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na watu wakasema utabiri umetimia. Tangu treni mpya ya Mombasa ilipoanza safari mwaka 2017, kila mwenye kalamu ameiita nyoka wa pili, amezaye fedha na kutapika madeni. Huenda akawa amesema kweli, walakini kweli hiyo haimhitaji nyoka. Hata gazeti lingeisema. Mtaa wa Makongeni ulijengewa wafanyakazi wa reli: nyoka yule yule anayelaaniwa jukwaani ndiye aliyewapa babu za watungaji hawa mshahara, chumba na jirani. Shairi litakaloniambia kwamba sisi tulizaliwa tumboni mwa nyoka, na kwamba hatuna mahali pa kusimama nje yake tukimrushia mawe, hilo nitalisikiliza hadi neno la mwisho.

Tumrudie Liyongo, maana hazina yake haijaisha. Edward Steere alikichapa kisa chake kwa nathari katika Swahili Tales mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitia katika utenzi mwaka 1913, na tangu hapo kila kizazi kimekirudia. Mna ndani yake mambo matatu ambayo mimi huyangoja shairi linapoanza. La kwanza ni mwana. Mfalme alimwahidi mwana huyo kumwoza bintiye, naye akaenda kwa baba na kumwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Na masimulizi yanasema kuwa baba alitambua mwana ametumwa, ila alimwambia vivyo hivyo. Mtungaji dhaifu humfanya mwana kuwa mwovu, akamaliza kazi. Mtungaji wa kadiri humfanya kijana asiye na kibarua, aliyeahidiwa cheo na mtu mkubwa wakati wa kampeni, na hapo sisi wa mitaa hii hujiinamia kidogo, maana tunawajua vijana hao, na mama zao tunawajua. Lakini mtungaji hodari huganda kwa baba: kwa nini mtu anayejua kwamba atauawa aitoe siri kwa muuaji? Kwa sababu alitaka kupendwa? Kwa sababu alichoka? Au kwa sababu wazee wetu huona heri wauawe na wana wao kuliko kukiri kwamba hawakuwaachia wana hao kitu kingine cha kurithi? Shairi linapofika hapo, lawama imekwisha kuhama kutoka ikulu hadi sebuleni, na hiyo ndiyo safari ninayoipima.

Jambo la pili ni kisima. Liyongo alipochomwa aliinuka, akatwaa uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti na kuuvuta uta, akafa katika hali ile. Na watu wa mji, wakidhani yu hai, hawakuthubutu kuteka maji. Hebu fikiri kisa hiki kikisomwa mbele ya akina mama wa Kaloleni waliopanga mitungi tangu alfajiri wakingojea mfereji utoe maji. Maiti imepiga goti mlangoni mwa maji, na walio hai wana kiu kwa kuiogopa. Sheria ngapi zilizokufa, na vyama vingapi vilivyokufa, na majina mangapi makubwa ya watu waliokwisha kuzikwa, bado yamepiga goti kisimani na uta mkononi? Hapa kisa kimetupa wazo ambalo usemi wa wazi usingalitupa, na huu ndio muradi wa kukiazima. Kithaka wa Mberia, ambaye ni mshairi wa mashairi huru, alipokichukua kisa hiki aliona heri akiweke katika tamthilia. Katika Kifo Kisimani ya mwaka 2001 Liyongo akawa Mwelusi, mfalme akawa Bokono, mwana akawa Gege, na Pate ikawa Butangi, nchi ambayo kila msomaji aliitambua bila kuonyeshwa kidole. Alibadili majina yote, asibadili mwana wala kisima. Yafaa kila mtungaji chipukizi akitazame alichokibakiza, kuliko alichokigeuza.

La tatu, ambalo karibu silisikii kwa mtu, ni mkate. Liyongo alipokuwa kifungoni, mamaye alimpa kijakazi Saada mikate ampelekee, na walinzi walikuwa na desturi ya kula mikate mizuri na kumtupia mfungwa ule wa wishwa. Basi tupa ya kukatia pingu ikafichwa ndani ya mkate wa wishwa. Ulafi wa walinzi ndio uliomfungua mfungwa. Mtu wa mjini anayewajua askari wa kaunti, na kuijua bidhaa wanayoichukua mkokoteni unapokamatwa na ile wanayoiacha barabarani, angeweza kutunga juu ya mkate huu beti za kuchekesha na za kutisha pamoja. Sijui wanangoja nini.

Nimesema mengi juu ya kisa cha pwani. Na tutazame sasa cha ziwani, kwa shairi nililolisikia Kaloleni kwa kijana ambaye sitamtaja. Luanda Magere, kama Wajaluo wasimuliavyo, alikuwa na mwili wa jiwe usioingia mkuki, na nyama yake ya kweli ilikuwa kivuli chake. Siri hiyo aliijua mke aliyeozwa kutoka kwa adui, siku mume alipougua akamwambia achanje dawa juu ya kivuli. Kijana yule hakututajia vita wala mikuki. Alimleta Magere mtaani, akampa kazi ya usiku katika kiwanda, akamrudisha nyumbani chini ya taa zile ndefu tuziitazo mulika mwizi. Kule Kano kwao, alisema, jua likizama kivuli hufa, na mtu wa jiwe hulala salama. Hapa taa haizimwi, kivuli hakilali, na mwenye bunduki hana haja ya kungoja mchana. Ukumbi ulinyamaza. Hapakuwa na mke msaliti katika shairi lake: taa iliyowekwa kumlinda mtu ndiyo iliyomfichua, na badiliko hilo moja lilifanya kazi mbili, likamwondolea mwanamke lawama ya karne nyingi na likaiweka pale mtungaji alipotaka ikae. Huu ni ufundi. Laiti angaliishia hapo! Aliongeza beti mbili za kutueleza kwamba taa maana yake ni serikali na jiwe maana yake ni mnyonge, akalifisha kwa kulifafanua lililokuwa hai. Hadhira ilipiga makofi kwa zile beti mbili kuliko kwa zote, na mpimaji asilifuate hilo. Makofi hupigiwa kilichoeleweka haraka.

Swali la mke wa Magere, hata hivyo, halijaisha. Kwa upande wa watu wake, aliyewaletea ushindi ni yeye. Carol Ann Duffy wa Uingereza alitoa The World's Wife mwaka 1999, kitabu kizima cha wake wa watu mashuhuri wa visa na historia wakisema kwa vinywa vyao, na njia hiyo sasa imefuatwa hata ikachakaa, kwa kuwa wengi hudhani inatosha kumpa mwanamke kauli. Haitoshi. Sharti aseme jambo ambalo lingekigeuza kisa, si kulalama tu ndani ya kisa kilichobaki vile vile.

Juu ya umbo nitasema kwa ufupi, maana ugomvi wa vina na mizani umekwisha kula karatasi nyingi tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Utenzi, wenye mizani minane kwa kila mshororo na mishororo minne kwa kila ubeti, ndio chombo cha asili cha kisa kirefu, na anayeutumia apimwe katika kina cha mwisho, kile kinachopita beti zote: humo ndimo wavivu hujazia «jamani» na «sikia». Anayeuacha utenzi na kushika shairi huru amejiondolea nguzo, basi atuonyeshe ni kitu gani kingine kinachoizuia nyumba isianguke, ama urudiaji, ama mpigo wa usemi, ama ukimya uliowekwa mahali pake. Na Sheng si aibu. Ni lugha iliyokulia huku Eastlands, na haina sababu ya kukiachia Kiamu cha Lamu peke yake kisa cha Liyongo. Kaida yangu ni hii: neno la Sheng likiingia mahali pazito pa kisa na uzito ukabaki, limekubaliwa, likiingia ili watu wacheke mfalme alipoitwa «mdosi», limepunguza shairi kwa bei ya kicheko kimoja. Kisha mwombe mtungaji alighani tena akiwa ameketi, bila ngoma na bila mikono. Mashairi mengi hayavuki hapo.

Mtu asichanganye kisa cha kale na fumbo. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, aliandika kizuizini juu ya karatasi za msalani mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na humo mna mnyama anayesimama mahali pa mtawala. Fumbo namna hiyo hutungwa ili askari wa jela asielewe na ndugu aelewe. Kisa cha kale hakimfichi mtu. Askari naye alisimuliwa na bibi yake, na nguvu ya kisa ni kwamba yeye pia anajikuta ndani. Ebrahim Hussein aliliona hilo katika Ngao ya Jadi, iliyotoka mwaka 1976 pamoja na Jogoo Kijijini: kuuawa kwa nyoka wa kisa hicho si mwisho wa mambo, na waliofurahia ushindi hawatoki salama humo.

Limebaki jambo moja, na hili ni la Makadara peke yake. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952, wa ukoo wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Na mitaa ya Ofafa ilipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliyeuawa mwaka 1953. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na Waafrika hao wawili waliuawa katika mji ambamo ndugu alimshuku ndugu. Wako waliowaita wasaliti na wako waliowalilia. Makanga huyaita majina yao mchana kutwa barabara ya Jogoo, na abiria hushuka wasiulize. Kisa cha baba na mwana na sindano kinaishi kwenye vibao vya vituo vyetu, hakijatiwa chumvi bado na hakijapewa shujaa, ndiyo maana hakuna kilicho kigumu kukitunga kuliko hicho. Nimemsikia mtungaji mmoja tu aliyethubutu kumleta Liyongo hadi kituo cha Mbotela, akiwauliza wanaongoja matatu ni nani kati yao mjukuu wa mwenye sindano. Alifika ubeti wa nne, akawaona wazee wawili wa mstari wa mbele wakiinuka kutoka nje, akafunga daftari. Beti nne zile ndizo bora nilizozisikia katika mitaa hii, nami nilimwambia hivyo mlangoni. Ubeti wa tano tungali tukimdai.