Kusuka pikapu ya 1957: fedha iende kwenye waya, sumaku na bamba

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson mjini Kalamazoo, Michigan, aliomba hataza ya pikapu ya gitaa yenye koili mbili zinazofuta mvumo wa umeme. Hataza ilitoka 1959. Zile zilizotengenezwa kuanzia 1957, zinazojulikana kama PAF, ndizo mafundi wengi wanaosuka pikapu leo wanajaribu kuzifikia, na vipuri vyake vinauzwa kwa bei za kutisha. Ukichunguza jinsi kiwanda chenyewe kilivyonunua vitu vyake, unaona haraka ni kipuri gani kinastahili bei hiyo.

Tuanze na waya, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Ni waya wa shaba wa geji 42, unene wake kama milimita 0.063, na pikapu moja yenye ukinzani wa kilo-omu 7.5 inameza zaidi ya kilomita moja. Nusu kilo ya waya hutosha pikapu kumi hivi. Lakini geji peke yake haitoshi: uliza ganda. Gibson walitumia enameli ya kawaida, yenye rangi ya zambarau iliyokolea. Stratocaster za Fender, tangu 1954 hadi miaka ya 60, zilisukwa kwa shaba ya geji hiyohiyo, ila ganda lake la Formvar ni nene zaidi. Ganda likiwa nene, mizunguko hukaa mbalimbali, kapasitansi ya koili hupungua na sauti za juu hupita kwa urahisi. Waya wa kisasa wa poliurethani una sifa moja tamu: hushika lehemu bila kukwanguliwa. Kwa kazi ya namna hii mimi siununui, maana unene wa ganda lake haulingani na ule wa zamani na koili hujaa kwa namna nyingine.

Sumaku ni alnico: alumini, nikeli, kobalti na chuma. Alnico 5 ina kobalti karibu asilimia 24, Alnico 2 karibu nusu ya hapo, Alnico 3 haina kabisa. Katika miaka ya 50 Katanga, jimbo la Kongo, ilikuwa ikitoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia, na vita vya 1978 katika jimbo hilo, wakati huo likiitwa Shaba, vilipopandisha bei ya kobalti, watengenezaji wengi wa spika waliiacha alnico wakahamia sumaku za kauri. Gibson wenyewe hawakuchagua sana. Ndani ya PAF zimekutwa Alnico 2, 3, 4 na 5, kadiri zilivyopatikana. Kwa hiyo anayekuuzia "sumaku sahihi ya 1959" kwa bei mara tatu anakuuzia hadithi. Nunua 2 na 5, zijaribu zote mbili kwenye gitaa lako, uamue kwa sikio.

Bamba la chini na kifuniko ndivyo vinavyodharauliwa, na hilo linaniuma. Vya asili ni aloi ya shaba, zinki na nikeli, isiyopitisha umeme vizuri. Vya bei rahisi ni shaba ya manjano iliyopakwa nikeli. Umeme huzunguka ndani yake na kumeza sauti za juu. Kwangua kidogo upande wa ndani: ukiona manjano, kirudishe dukani.

Skrubu nazo zina mtego. Za Gibson ni za inchi, 5-40, kipenyo chake kama milimita 3.18. Vipuri vingi kutoka Asia ni M3. Ukivichanganya, skrubu italegea kwenye tundu, kwa hiyo pima kwa kalipa kabla ya kuagiza.

Bobini zilikuwa plastiki nyeusi, na malighafi hiyo ilipokosekana zikatoka za rangi ya krimu. Gitaa halisikii rangi. Chukua iliyonyooka, isiyopinda koili ikichovywa kwenye nta ya moto, na kinachobaki mfukoni ongezea waya.